Vita Viko Ng'ambo, Mtuhumiwa Yuko Kibirizi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ndugu msomaji, tangu vita vya Ghaza vilipozuka mwezi wa Oktoba 2023, hapana baraza la Waislamu, kuanzia Lamu mpaka huku kwetu ziwani, lisilozungumza khabari za ndugu zetu wanaoishi Ulaya. Na mengi yanayozungumzwa ni kweli. Huko Ufaransa, mwezi huo huo, waziri wao wa mambo ya ndani aliamuru maandamano yote ya kuwaunga mkono Wapalestina yapigwe marufuku, mpaka mahakama ikasema kila moja litazamwe peke yake. Huko Ujerumani, jimbo moja liitwalo Sachsen-Anhalt lilitoa amri kabla mwaka haujaisha, kwamba kila anayeomba uraia aandike kwanza kuwa anaikubali haki ya dola ya Israel kuwako. Mtu amefanya kazi miaka mingi, amelipa kodi, amejifunza lugha yao, kisha siku ya kupewa karatasi yake anaulizwa yuko upande gani katika vita vya nchi ya tatu, ambayo pengine hajapata kuitia machoni! Watu wetu wanakasirika, na wana haki ya kukasirika.

Wala si jambo jipya kwao hao wakubwa. Wajapani walipoishambulia Marekani mwisho wa 1941, mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliwatoa majumbani mwao watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, ikawatia makambini, wazee na watoto wachanga. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapo hapo Marekani. Hawakushitakiwa kwa tendo lolote. Ushahidi ulikuwa nyuso zao. Ilipita miaka zaidi ya 40 ndipo ikatungwa sheria ya kuwaomba radhi, mwaka 1988, na kila aliyekuwa hai akapewa dola 20,000. Waliokwisha kufa hawakupewa kitu.

Lakini kalamu hii haikushikwa leo kwa ajili ya Wazungu, kwani wao hawatausoma ukurasa huu. Imeshikwa kwa ajili yetu sisi tunaousoma.

Kwa msomaji wa Mombasa au Unguja asiyepajua, Kibirizi ni mwalo ulio kaskazini ya mji wa Kigoma, penye soko la dagaa na migebuka, na ndipo zinapoondokea boti za mbao kwenda Mwamgongo na Kagunga mpakani mwa Burundi. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Ukisimama hapo alfajiri utasikia Kiha, Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha Kikongo kabla hujasikia Kiswahili cha redio. Basi mji kama huu kila vita vya ng'ambo hufika kwake, na hufika na watu. Mwaka 1972 yalipotokea mauaji ya Burundi walikuja. Alipouawa Rais Ndadaye, Oktoba 1993, walikuja. Vita vya Kongo vilipofika Uvira, Oktoba 1996, walivuka ziwa kwa mitumbwi, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijaa pwani ya Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya mlima na maji, kipindupindu kikawaingia, na meli yetu kongwe ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma.

Tuseme haki: nchi hii imefanya wema ambao wengi wenye mali hawakuufanya. Wale wa 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima wakala na wakauza. Na walipoulizwa mwaka 2007 kama wanataka kurudi au kubaki, waliotaka kubaki walifunguliwa mlango wa uraia, na watu kiasi cha 162,000 wakakubaliwa. Jimbo la Sachsen-Anhalt halikupata kufanya hivyo. Mwenyezi Mungu awalipe waliolifanya.

Sasa njoo barazani. Ni baraza hilo hilo linalomlilia Mpalestina aliyeko Paris. Ikaja khabari ya vita Kongo, kama zilivyokuja Januari 2025 mji wa Goma ulipotekwa, na Februari mji wa Bukavu, basi utaona macho yanamgeukia kijana mmoja anayebeba magunia ya dagaa. Jana alikuwa Jumanne, au Hamisi, au vyovyote aitwavyo. Leo ni Mkongo, au ni Mnyamulenge, au pua yake inatazamwa. Atasikia: kwenu kunawaka, nyinyi ni wa upande gani? Na akikosana na mtu juu ya bei, neno la kwanza atakaloambiwa ni rudi kwenu. Muuza duka anamkatia mkopo, eti huyu atavuka usiku. Akipeleka posa huulizwa kwao ni wapi, na jawabu likiwa ni Fizi au Rumonge, mzee wa nyumba huinamisha kichwa akasema binti bado anasoma. Je, lipo lipi alilofanyiwa ndugu yetu wa Ulaya ambalo huyu hakufanyiwa?

Na lililonishangaza zaidi ni nani anayesema maneno hayo. Mmanyema wa Ujiji, ambaye wazee wake walitoka ng'ambo hiyo hiyo ya Kongo na misafara ya karne ya 19, wengine wakiwa wapagazi, wengine askari, wengine watumwa, na leo wana msikiti wenye jina lao Kariakoo, Dar es Salaam, wala hapana awaulizaye. Au ni Mha, ambaye lugha yake na ya Mrundi hufahamiana bila ya mkalimani, na mpaka unaowatenga ulitengenezwa na Wabelgiji na Waingereza walipogawana nchi ya Wajerumani. Kigoma yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu 1916 mpaka 1921. Lau kalamu ya wale mabwana ingalitelezea kusini kidogo, huyu asemaye rudi kwenu angalikuwa yeye ndiye anayeambiwa. Na wako watu wa mkoa huu, raia kwa baba na babu, wanaojua uchungu wa kusimamishwa ofisini na kutakiwa wathibitishe kuwa si Warundi. Wakitoka hapo, wanakwenda kumfanyia mwingine.

Mwaka 2013 tuliona jambo hili likitoka kwenye mabaraza likafika juu. Mwezi wa Mei, mkutanoni Addis Ababa, Rais Kikwete alishauri serikali ya Rwanda izungumze na wapinzani wake wenye silaha walioko Kongo. Rwanda ikakasirika, na maneno makali yakapita baina ya nchi mbili; na askari wetu nao walikuwa wamekwisha kupelekwa Kongo katika jeshi la Umoja wa Mataifa kupigana na M23. Mwisho wa Julai ikatoka amri kwamba wahamiaji haramu wa Kagera waondoke kabla ya tarehe 11 Agosti, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilisema sababu ni ujambazi wa silaha na ng'ombe wanaoingizwa bila ruhusa, na ujambazi huo ulikuwapo kweli, watu wakiuawa njiani. Lakini katika maelfu waliovuka mto Kagera walikuwamo waliokaa miaka mingi, wameoa kwetu na kuzaa kwetu. Mke akabaki huku, mume kule. Mke huyo alikuwa na ugomvi gani na Kigali?

Atasema msomaji: Sheikh, unataka milango iachwe wazi? Hasha. Serikali ina haki ya kumkagua aingiaye, kumnyang'anya silaha na kumpeleka hakimuni mwenye kosa. Katika miaka ya 1990 wapiganaji wa Burundi walikuwa wakitafuta vijana makambini mwetu, na mwenye kulikanusha hilo hakuwako. Na mgeni naye ana wajibu wake. Anayevuka ziwa akaja na chuki ya Mhutu na Mtutsi, au ya Mbembe na Mnyamulenge, akaimwaga mwaloni kwetu, huyo amewavunjia heshima waliompokea. Tulisikia ya Gatumba, Agosti 2004, watu zaidi ya 150 wakichinjwa na kuchomwa ndani ya kambi ya wakimbizi nchini Burundi, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wamekimbia vita vya Kongo. Moto wa aina hiyo hatuutaki. Ila moto huzimwa kwa kumkamata aliyeuwasha, sio kwa kuwapiga wote waliotoka mtaa mmoja naye.

Wala tusidhani ni la Kigoma peke yake. Kenya ilipopeleka askari Somalia mwaka 2011 na mabomu yakafuata mijini, Aprili 2014 Wasomali kwa maelfu walikamatwa Eastleigh na kwengineko, na wengi wakarundikwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo raia wa Kenya wenye vitambulisho mfukoni. Na wasomaji wetu wa Maskati hawana haja ya kufunzwa na mimi. Waliotoka Unguja baada ya 1964 wakiitwa Waarabu, walipofika Oman katika zama za Sultan Qaboos waliitwa Wazanzibari.

Neno langu kwa sisi tunaopanda mimbari. Tunawaombea dua walio mbali kwa machozi, na aliye safu ya tatu, aliyefika kwa mtumbwi, hatumtaji. Kilio cha makabila hakikuanza ziwani. Katika safari ya Bani Mustaliq, penye kisima cha Muraysi, watu wawili waligombana juu ya maji, mmoja akawaita Muhajirina wenziwe na mwingine akawaita Ansari wenziwe. Majina hayo mawili ni ya heshima kushinda yote katika umma huu. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) aliuita mwito huo wa kijahilia, akaamuru uachwe kwa kuwa unanuka. Ikiwa jina la Ansari linaweza kunuka likitumiwa hivyo, jina la Mha na la Mmanyema lina kinga gani?

Limebaki swali moja ambalo watu wa baraza huliona ni zito, nalo ni hili: mtu mwenye mama na ndugu ng'ambo, moyo wake utakuwa kwetu kweli? Swali hili lilipata kuulizwa Madina, tena wakati wa vita. Mwaka wa 8 wa Hijra Mtume (S.A.W.) alipokuwa akijitayarisha kuiendea Makka kwa siri, Hatib bin Abi Balta'a (R.A.) aliwaandikia Makureshi barua ya kuwajulisha. Barua ilibebwa na mwanamke aliyeificha katika nywele zake, Sayyidna Ali (R.A.) na wenziwe wakamfuata njiani wakaitoa. Hapo hapakuwa na dhana. Ushahidi ulikuwa mkononi. Sayyidna Umar (R.A.) alitaka ruhusa amkate shingo. Mtume (S.A.W.) alianza kwa kumuuliza Hatib kilichompeleka kufanya hivyo. Akaeleza kuwa hakurudi katika ukafiri, bali yeye hakuwa Mkureshi wa nasaba, alikuwa mgeni aliyeishi kwao, na jamaa zake walioko Makka hawakuwa na mtu wa kuwalinda kama walivyokuwa nao Muhajirina wengine; akataka awe na wema wa kuwadai Makureshi. Mtume (S.A.W.) akasema mtu huyu amesema kweli, akamkumbusha Umar kwamba Hatib alikuwako Badri. Ikashuka aya ya kuwakataza Waumini kuwafanya maadui kuwa marafiki, na kosa likabaki kuitwa kosa. Wala haikuulizwa katika Madina ni nani wengine wasio na nasaba ya Kikureshi, wakusanywe. Hatib akaendelea kukaa mjini, akisali katika msikiti ule ule, mpaka alipokufa katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.).