Mwaka wa Kuzunguka Maabara

Anayefika Cambridge kusomea udaktari wa nanoteknolojia katika kituo cha NanoDTC hakabidhiwi mada siku ya kwanza. Tangu 2009, kituo hicho huwapa wanafunzi wake mwaka mzima wa kuzunguka: kozi, mazoezi ya maabara na miradi mifupi ya fizikia, kemia, uhandisi na sayansi ya vifaa. Utafiti wa udaktari wenyewe hufuata kwa miaka 3.

Kwa nini kuzunguka?

Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Uzi wa DNA una upana wa nanomita 2 hivi. Kwenye udogo huo, kuta za idara hazina kazi. Chembe za kadimiamu selenaidi hubadili rangi ya mwanga wake kwa ukubwa tu: kubwa hung'aa nyekundu, ndogo buluu. Mkemia huzitengeneza, mwanafizikia huieleza rangi kwa kanuni za kwanta, mhandisi huzitia kwenye skrini za televisheni. Chembe za aina hiyo zilileta Nobel ya Kemia ya 2023, na Alexei Ekimov, mmoja wa washindi watatu, ni mwanafizikia!

Kinachostahili pongezi zaidi ni ukarimu wa muda. Ni rahisi kumharakisha mtafiti kijana atoe makala. Hapa mkemia hodari huruhusiwa kwanza kuwa mwanagenzi wa fizikia, aulize maswali ya kitoto bila aibu.