Spilsbury alikuwa shahidi mzuri mno

Kama unapenda tamthilia za upelelezi, unamjua mtu huyu hata kama hujawahi kusikia jina lake. Daktari mrefu, mtanashati, ua kwenye koti, anapanda kizimbani kutoa ushahidi, anasema sentensi chache kwa sauti ya chini, na mshitakiwa kwisha habari yake. Huyo ni Bernard Spilsbury, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1877, mwanapatholojia aliyefanya kazi na Wizara ya Mambo ya Ndani na polisi wa London kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila anayeandika juu yake huanza kwa kumwita baba wa taaluma hii. Wasifu wake wa kwanza, wa Browne na Tullett, uliotoka mwaka 1951, unamsifu karibu kila ukurasa. Mimi nataka tubishane kidogo na sifa hizo, maana kuna watu walinyongwa kwa neno lake.

Tumpe haki yake kwanza. Mwaka 1924, kwenye kesi ya Patrick Mahon, aliwakuta polisi wakiokota vipande vya mwili kwa mikono mitupu. Kutokana na aibu ile ndipo ukaja mkoba wa wapelelezi, wenye glavu, koleo na chupa za kuhifadhia vielelezo. Ukiona leo askari wamevaa glavu mahali pa tukio, kumbuka kwamba zamani haikuwa hivyo. Na mwaka 1915 aliieleza mahakama jinsi wake watatu wa George Joseph Smith walivyoweza kufa kwenye beseni la kuogea bila dalili za kupigana: ukimvuta mtu miguu kwa ghafla, maji yanaingia puani na kooni kwa kasi, naye anapoteza fahamu papo hapo. Polisi walilijaribu jambo hilo kwa mwanamke mwogeleaji hodari, naye akazimia kweli, wakahangaika kumrudisha. (Usijaribu nyumbani. Hata wao hawakupaswa.)

Sasa tuje kwenye kesi iliyomtoa, ya Crippen, mwaka 1910. Chini ya sakafu ya nyumba moja ya London ilipatikana nyama ya binadamu isiyo na kichwa wala mifupa. Je, ni Cora, mke wa Crippen? Cora alikuwa na kovu la upasuaji tumboni, na Spilsbury akaonyesha kipande cha ngozi chenye alama akasema: kovu ndilo hili. Daktari wa upande wa utetezi, Turnbull, akasema ni mkunjo tu wa ngozi.

Hapa sayansi yake ni tamu, nivumilie. Ngozi ikikatwa na kupona, pengo huzibwa na nyuzi za kolajeni. Vishina vya nywele na tezi za mafuta havioti tena. Kwa hiyo ukiweka kovu chini ya hadubini, hutarajii kuona kishina cha nywele katikati yake. Turnbull alisema anaviona. Spilsbury akajibu kwamba vilivyopo vimetokana na ngozi ya pembeni iliyojikunja kuingia ndani. Mimi nimekaa muda mrefu na slaidi za ngozi, na nakwambia ubishi huo unawezekana kabisa kati ya watu wawili waaminifu. Lakini mahakamani, mmoja alisema kwa utulivu bila kusita, mwingine akayumba alipobanwa. Jopo la raia halikuwa na hadubini kichwani. Liliamua kwa sauti. Crippen akanyongwa Novemba mwaka huohuo.

Mwaka 2007, David Foran wa Chuo Kikuu cha Michigan State na wenzake walitangaza kwamba wamepima vinasaba vya mitokondria, vile tunavyorithi kwa mama peke yake, kutoka kwenye slaidi ya kesi ile. Havikulingana na vya ndugu wa ukoo wa mama yake Cora. Zaidi ya hapo, nyama yenyewe ilionekana kuwa ya mwanamume. Usikimbilie kushangilia, lakini. Slaidi ya miaka karibu mia imeshikwa na mikono mingi, na mti wa ukoo ukikosea tawi moja ulinganisho wote unaanguka. Tena nyama ile ilizikwa na kipande cha pajama ambacho kitambaa chake kilitengenezwa baada ya Crippen kuhamia nyumba hiyo. Kwa hiyo sisemi Crippen alikuwa malaika. Nasema lile kovu halikustahili uhakika aliolipa Spilsbury.

Kinachonikera zaidi ni kesi ya Norman Thorne, mfugaji kuku, mwaka 1925. Mchumba wake, Elsie Cameron, alikutwa amezikwa vipande vipande shambani. Thorne alikiri kumkata, lakini akasema alimkuta amejinyonga akapata hofu. Swali likawa moja: je, shingoni kuna alama ya kamba? Spilsbury alitazama kwa macho, akaona mikunjo ya kawaida, na hakuchukua vipande vya kupima kwa hadubini. Dkt. Robert Brontë wa upande wa utetezi alivichukua baada ya mwili kufukuliwa, akasema anaona damu iliyovilia. Lakini jaji aliliambia jopo kwamba maoni ya Spilsbury ndiyo bora kabisa yanayoweza kupatikana. Jopo halikumaliza hata nusu saa. Thorne akanyongwa.

Huenda Thorne aliua kweli. Lakini wewe ukiwa mwanafunzi wa maabara, ukimletea msimamizi wako matokeo bila sampuli, atakufukuza. Huyu bwana alipewa heshima badala yake.

Miaka mitano baadaye ikatokea tena. Bi. Rosaline Fox alikufa hotelini Margate, chumba kikiwa na moto, dakika chache kabla ya bima yake kuisha. Hapakuwa na masizi kwenye njia yake ya hewa, maana yake hakuvuta moshi. Hoja hiyo ni safi. Spilsbury akaongeza kwamba nyuma ya koromeo aliona damu imevilia, dalili ya kukabwa. Sydney Smith na Brontë walipolichunguza koromeo lenyewe, hawakuona kitu. Akajibu kwamba alama ilikuwapo, ikafifia. Mtoto wa marehemu, Sidney, akanyongwa Aprili 1930.

Alifanya kazi peke yake, hakuandika kitabu cha kufundishia, na kumbukumbu zake zilikuwa kadi, maelfu ya kadi, kwa mwandiko wake. Vita vilimchukulia mwana mmoja kwa bomu mwaka 1940, kifua kikuu kikamchukua mwingine mwaka 1945. Desemba 1947 alijiua kwa gesi ndani ya maabara yake.

Slaidi ya Crippen ipo, ndiyo maana bado tunaibishania. Ya koromeo la Bi. Fox hakuna anayeweza kuibishania.