Mtumbwi wa Lualaba katika Vitabu vya Wasafiri

Wanafunzi wetu wa Kasongo na Kabambare wanajua vizuri majina ya wazungu waliopita hapa kwetu: Livingstone, Cameron, Stanley. Ukiwauliza mtumbwi unachongwa namna gani, wananyamaza. Kosa si lao. Vitabu vyenyewe tunavyofundishia historia vimejaa mitumbwi, lakini mafundi hawamo.

Tuchukue Livingstone kwanza. Alifika Nyangwe mwishoni mwa mwezi wa tatu 1871, akakaa mpaka mwezi wa saba, anatafuta tu mtumbwi wa kuvuka Lualaba. Hakuupata. Katika kitabu chake analalamika sana, na msomaji anatoka pale akifikiri Wenya walikuwa watu wagumu. Lakini mulemule ameandika kwamba uvumi ulienezwa: mzungu huyu hataki watumwa wala pembe, anataka mtumbwi apate kuua watu. Basi nani angemuuzia? Tarehe 15 Julai, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki sokoni Nyangwe. Watu wakakimbilia mitumbwi, ikasongamana, makafi yakasahauliwa, mamia wakafa. Sisi tunaona kwamba mwenye mtumbwi ndiye aliyeshika mlango wa mto, na alikuwa na haki ya kuufunga.

Tena mtumbwi si kitu cha kuokota. Kazi inaanza na mti mnene, ulionyooka, usio na ufa. Unaangushwa kwa shoka, unachongwa nje kwanza, kisha tumbo linatolewa kwa tezo, kidogo kidogo. Hapo ndipo akili inaonekana. Chini pabaki pazito, mbavu zipunguzwe, na hakuna mita ya kupimia ndani ya mbao: fundi anagonga kwa vidole, anasikiliza sauti. Pigo moja la kuzidi, na kazi ya majuma inakuwa kuni. Moto nao unasaidia kupanua, ukizidi, unapasua. Na bado kuna kuvuta gogo mpaka mtoni (wavutaji nao wanataka kula!).

Stanley ni mwandishi hodari kupita Livingstone, hilo tunalikubali. Aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 pamoja na Tippu Tip, mashua yake Lady Alice ikibebwa vipande vipande. Mitumbwi iliyochukua watu wake kushuka mto ilikuwa ya wenyeji, mingine aliinyang'anya. Waliyoichonga hawana jina. Uchongaji anaueleza kwa urefu mbali kule chini, kwenye maporomoko, mwaka 1877, wakati yeye mwenyewe ndiye anayeamuru. Hapo tunapata vipimo: mtumbwi aliouita Livingstone ulikuwa na futi 54. Tunapata na jina la fundi, Salaam Allah, lakini ni kwa sababu maporomoko yalimchukua pamoja na mtumbwi uleule.

Futi 54 ni karibu mita 16 na nusu, kwa gogo moja. Hesabu hiyo inafaa darasani. Siku hizi vijana wanapenda zaidi mashua ya mbao na misumari, yenye moteri, na hatuwalaumu. Inabeba mizigo mingi. Lakini kwenye Lualaba na Luama wazee wanaojua tezo wangali wapo. Tunaomba shule ziwaite wasimame mbele ya wanafunzi, kabla ya kutundika ramani ya Stanley.