Matope ya Mbuga Hayajui Mpira Laini

Wapenda magari ya porini wakikutana, haipiti muda mtu atachuchumaa kando ya tairi la mwenzake na kukandamiza ukucha kwenye kashata. Ukizama, "mpira wenyewe huu." Ukigoma, "kaka, umeuziwa plastiki." Ubishi unawaka hapohapo. Naupenda ubishi huo, ila kwenye matope haumsaidii mtu.

Chukua udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa uwanda wa Mkata kule Mikumi. Ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji. Gari likiteleza pale, udongo wenyewe ndio unaokatika chini ya tairi, na kipande kilichokatika kinaondoka kimeng'ang'ania kashata. Baada ya mizunguko michache mifereji yote imejaa na tairi la bei mbaya limegeuka kipara. Ulaini wa mpira utafanya kazi gani, na mpira haugusi tena ardhi?

Anayevuka ni yule ambaye matairi yake yanajisafisha: kashata kubwa zilizoachana, mifereji mipana inayofunguka hadi kwenye bega la tairi. Kabla ya kuingia, dereva anapunguza upepo, tuseme kutoka psi 35 hadi karibu 18. Sehemu ya tairi inayokanyaga inarefuka, kashata nyingi zinauma kwa pamoja. Ndani ya tope anashika mwendo wa kutosha magurudumu yarushe udongo nje. Gari likianza kuchoka, anachezesha usukani kidogo kushoto na kulia, ili kashata za begani zing'ate udongo mpya kwenye kuta za mtaro. Chini ya 15, kwa rimu za kawaida, sishauri: kona moja kali na tairi linachomoka. Na akifika lami ajaze upepo kwanza, maana tairi legevu kwenye mwendo kasi huchemka hadi likapasuka.

Mpira bora unalipa kwenye mawe. Katika Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza 1989, magari hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10, na katika wanaovimaliza vyote mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo watu hukata moja kwa moja, juu ya miamba na miiba. Hapo mpira wa asili unaheshimiwa kwa kuwa hauchaniki upesi, na masizi ya kaboni yaliyochanganywa ndani yake huupa ugumu wa kutolika haraka.

Umri nao usisahaulike. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT zikisoma 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua na ozoni hukausha mpira hata kama haujawahi kutembea, na dawa ya kung'arishia ya muuzaji huficha mengi ubavuni. Mimi huinama na tochi nikatazama shina la kashata, pale inapoungana na sakafu ya mfereji. Nikiona nyufa nyembamba zimezunguka hapo, silinunui, hata kama kashata bado ina kimo chake chote.