Vifaru vya Mezani na Mafundi Wake

Katika Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya mezani uliozaliwa Uingereza mwaka 1987, mojawapo ya magari ya kubebea askari huitwa Rhino, yaani kifaru. Mswahili, ambaye kwake kifaru ni mnyama na pia ni gari la vita, jina hilo halimsumbui.

Kampuni ya Games Workshop ya Nottingham huliuza likiwa vipande vya plastiki. Wengi huliunga kama karatasi ya maelekezo inavyosema, basi. Heko zangu nampa yule anayeligeuza geuza mkononi akaamua kwamba hapa patakaa mzinga, pale mbele sepetu la buldoza. Huchukua bamba la plastiki la unene wa milimita 1, akalichora kwa kisu na rula mara mbili tatu, kisha akalikunja mpaka lilie "ta!" na kukatika sawasawa. Gundi yake huyeyusha kingo zikashikana zikawa kitu kimoja. Na ribiti? Hukata ufito mwembamba wa plastiki kuwa visahani vidogo kuliko punje ya mtama, akavibandika kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Kikiruka kikaangukia zuliani, hicho ndiyo kimekwenda. Waya mnene wa gitaa hugeuka bomba la mafuta.

Zamani jarida la Games Workshop, White Dwarf, liliwaonyesha wasomaji namna ya kuunda gari la kivita lielealo hewani kwa kopo la deodoranti. Mimi hiyo ndiyo naipenda kupita zote: mkono mmoja wa rangi ya kijivu, na kopo la kwapa huwezi kuliona tena.