Gari Dogo Katika Ukurasa Mtupu

Mwaka 1949 Volkswagen iliuza magari mawili tu Marekani. Mwaka 1968 iliuza huko magari yake madogo ya Beetle peke yake zaidi ya 400,000. Kati ya miaka hiyo miwili kuna tangazo moja la magazetini ambalo kila anayesimulia habari hizi hulitaja, mara nyingi kana kwamba ndilo lililofanya kazi yote. Naamini linastahili sifa, ila si sifa hiyo. Ni andiko lililoundwa kwa ustadi mkubwa, na andiko la namna hiyo haitoshi kulisifu kwa mauzo. Lisomwe kama tunavyosoma shairi: mpangilio wake, nukta zake, marudio yake, na yale lililoyanyamazia.

Lilitoka mwaka 1959 mikononi mwa wakala wa matangazo Doyle Dane Bernbach wa New York. Maneno aliyaandika Julian Koenig. Ukurasa aliupanga Helmut Krone. Kichwa chake ni maneno mawili, "Think small", amri inayomtaka msomaji awaze udogo.

Amri hiyo ilitolewa katika nchi iliyokuwa ikiabudu ukubwa. Cadillac ya mwaka huohuo wa 1959 ilikuwa na mapezi ya nyuma yaliyosimama juu kuliko ya gari lolote la Kimarekani kabla yake. Matangazo ya viwanda vya magari vya Detroit yalichorwa kwa brashi, na wachoraji walilirefusha na kulipanua gari kupita vipimo vyake halisi, kisha wakalizungushia jumba la kifahari, bibi aliyevaa manyoya na anga la rangi ya machweo. Ukurasa ulijazwa mpaka pembeni. Msomaji aliyefungua jarida alizoea kuona gari likimjia.

Krone alilisogeza gari mbali. Karibu theluthi mbili za ukurasa ni uwanja mweupe usio na barabara, nyumba wala mtu. Juu kushoto, mahali ambapo jicho la msomaji wa Kiingereza huanzia, kuna Beetle moja ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, imekaa mshazari kidogo. Ni picha iliyopigwa kwa kamera, haikuchorwa. Ndogo kiasi kwamba ni lazima uinamishe kichwa uitazame vizuri, na hapo tangazo limekwisha kukupata: badala ya gari kukujia, wewe ndiye uliyelifuata. Nafasi tupu kwenye jarida hulipiwa sawasawa na nafasi yenye wino. Kampuni iliyonunua ukurasa mzima na kuuacha mtupu ilikuwa inaonyesha kujiamini kusikohitaji makelele, ingawa maneno yake yalihubiri uwekevu. Mvutano huo, ubadhirifu wa ukurasa unaotangaza gari la kubana matumizi, ndio moyo wa kazi hii, na sijaona tangazo jingine la magari la enzi ile lenye mvutano wa ndani kama huo.

Chini ya picha kuna kichwa, kisha safu tatu za maandishi. Mpangilio wenyewe haukuwa mpya: picha juu, kichwa katikati, maelezo chini ulikuwa utaratibu wa kawaida. Upya upo katika vitu vidogo. Herufi ni nyoofu, hazina mapambo. Kichwa kinaishia kwa nukta, jambo ambalo vichwa vya matangazo havikuzoea kulifanya, na nukta ile inamsimamisha msomaji kabla hajakimbilia maelezo. Mistari ya mwisho ya aya imeachwa mifupi, neno moja au mawili kisha weupe, kasoro ambayo wachapaji hufundishwa kuiondoa. Krone aliitaka, kwa sababu iliyafanya maandishi yapumue kama mtu anayezungumza.

Na Koenig kweli anazungumza. Anaanza kwa kukiri kwamba gari hili si kioja tena: wanafunzi wa chuo hawajisongi tena kwa wingi ndani yake, na mtu wa kituo cha mafuta haulizi petroli inamiminwa wapi. Kisha anaingiza faida moja baada ya nyingine kwa mlango wa nyuma. Hasemi kwa kiburi kwamba gari linakwenda maili 32 kwa galoni. Anasema baadhi ya wenye gari hili hata hawaoni tena kwamba hilo ni jambo kubwa. Zinafuata sentensi fupi tatu zinazoanza kwa "au": oili pinti 5 badala ya kwota 5, maji ya kuzuia kuganda yasiyohitajika kamwe, matairi yanayodumu maili 40,000. Mwalimu wa sarufi angezikata sentensi hizo kwa wino mwekundu, maana hazina kiima wala hazijitegemei. Lakini kila moja inaangukia sikioni kama kitu ambacho msemaji amekikumbuka sasa hivi, na uongo huwa haukumbukwi namna hiyo.

Sehemu inayonivutia zaidi ni mwisho. Katika mwili wa maelezo, kitenzi cha kuwaza kinatumika kwa kukanushwa: wenye gari hawawazi tena juu ya nafuu wanayoipata. Kisha neno la udogo, ambalo kichwa kilituachia likiwa halina maelezo, linarudi mara tatu mfululizo: sehemu ndogo ya kuegesha, bima ndogo, gharama ndogo ya matengenezo. Mstari wa kufunga unamwamuru msomaji alitafakari jambo hilo. Basi maneno mawili ya kichwa yametenganishwa, yakapitishwa kila moja kwenye njia yake, na yote mawili yakajibiwa kabla ya nukta ya mwisho. Huo ni utunzi. Kama lingekuwa shairi tungelisifia vina vyake.

Tangazo jingine la kampeni hiyohiyo, lile la mwaka 1960 lenye kichwa "Lemon", neno ambalo Wamarekani hulitumia kwa gari lililotoka kiwandani likiwa bovu, lina mbinu kali zaidi: linaitukana bidhaa yake, kisha linaeleza kwamba gari lile pichani lilikataliwa na mkaguzi kwa sababu ya utepe wa kromu wenye doa kwenye kisanduku cha dashibodi. Ni kazi nzuri, ila imejengwa juu ya mshtuko mmoja, na ukishashtuka mara ya kwanza hakuna cha kukurudisha.

Je, ukurasa ule ndio uliokuza soko? Kabla haujachapishwa, Volkswagen ilikuwa imekwisha kuuza Marekani makumi ya maelfu ya magari kwa mwaka. Heinz Nordhoff, aliyeiongoza kampuni tangu 1948, alishikilia kwamba gari lisipelekwe pasipokuwa na vipuri na mafundi wake. Huo ndio uliokuwa msingi. Sisi wa Afrika Mashariki tunalielewa hili bila kuhubiriwa: Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na sifa yake huku ilitokana na tope na vumbi. Kilichobadilika Marekani mwaka 1959 ni kwamba Detroit nayo ilileta magari madogo, Ford Falcon, Chevrolet Corvair na Valiant ya Chrysler. Udogo peke yake haukuwa tena tofauti. Tangazo likaja kuupa udogo ule tabia, na mnunuzi akapata maneno ya kujieleza nayo mbele ya jirani mwenye Cadillac.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo ukweli wa tangazo hili haukuligusa. Kiwanda cha Wolfsburg kilianzishwa mwaka 1938 chini ya utawala wa Hitler, na wakati wa vita kilitumia maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso. Miaka 14 tu baada ya vita, ukurasa mweupe usio na mahali wala wakati uliliondolea gari historia yake, na waliousanifu kwa ufundi huo walifanya kazi katika wakala ambao Bernbach, Myahudi, alikuwa mwanzilishi wake mmojawapo. Siwahukumu, walikuwa na mteja na walimtumikia vizuri. Lakini mhakiki anayeusifu ukweli wa doa kwenye utepe wa kromu na asione doa hilo jingine, hajausoma ukurasa wote. Mwaka 1998 Volkswagen ilianzisha mfuko wa kuwasaidia walionusurika katika kazi hiyo ya kulazimishwa. Mwaka uliofuata jarida la Advertising Age liliitangaza kampeni hii kuwa bora kuliko zote za karne ya 20.