Bwana Msa na Hamziya: Kwa Nini Visomwe Pamoja

Katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili, ushairi mkongwe aghalabu hutengewa darasa lake, nayo riwaya pendwa ikaachiwa saa za mapumziko. Makala haya yanapinga mgawanyo huo, hususan kwa wanafunzi wetu wa Uganda, ambao wengi wao wana lugha nyingine nyumbani.

Tuchukue kazi mbili. Ya kwanza ni Hamziya, kasida ya kumsifu Mtume Muhammad iliyotungwa kwa Kiarabu na al-Busiri wa Misri katika karne ya 13, kisha ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate. Ya pili ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, riwaya ya upelelezi iliyochapishwa mwaka 1960. Humo maiti inaonekana mzimuni, lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anatafuta mkono wa binadamu.

Je, kazi hizi zina uhusiano gani? Riwaya ya upelelezi humzoesha msomaji kutoiamini maana ya kwanza inayomjia. Zoea hilo ndilo analolihitaji anapokutana na lugha ya washairi wa Pate na Lamu. Akiona kuteka, hukimbilia maji na kisima. Kumbe huenda ni kucheka. Akikusanya ushahidi, yaani nti kwa nchi, matozi kwa machozi, moya kwa moja na kuya kwa kuja, atagundua kanuni mbili: t mahali pa ch, na y mahali pa j. Wala si kila t ni ch. Lazima muktadha uthibitishe. Hata hivyo, maneno mengi yaliyomtisha huanza kufunguka.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Muuaji akishajulikana, riwaya imekwisha kazi yake kubwa. Kasida haifichi mwisho: wasikilizaji wake wanaijua sira ya Mtume, na bado hutaka kuisikia tena. Kwa hiyo mwalimu anayeishia kwenye kufumbua maneno amefundisha msamiati, hajafundisha ushairi. Beti zikishaeleweka, zisomwe kwa sauti.

Vilevile, tusidhani kuwa riwaya pendwa ni nyepesi kwa kila mtu. Kiswahili cha Unguja cha Abdulla kimejaa misemo inayoweza kumkwamisha mwanafunzi wa Mbale. Hamu ya kujua kitakachotokea humvusha, lakini pia humfanya aruke maneno asiyoyajua. Kasida haimruhusu kuruka, na hapo ndipo nayo inapoifaa riwaya.

Pendekezo letu kwa walimu ni hili: kila juma isomwe sura moja ya riwaya, kisha beti tano za kasida. Kwa kila neno gumu, mwanafunzi aandike anashuku nini na ushahidi wake ni upi. Tukiendelea kuvitenganisha, tutakuwa na wahitimu wanaomfurahia Bwana Msa, huku Hamziya wakiijua kwa jina tu, la kujibia mtihani.